Tukizunguka visiwa vinne, tutapata utulivu?

Swali: Kaka, habari za pwani. Mwaka jana mwezi wa nane mimi na mume wangu tulikwenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, siku tano. Bahari nzuri, sina la kusema, lakini muziki ulikuwa unapigwa mpaka saa tisa usiku, jirani zetu wa chumba cha pili wakirudi wanaimba, na tulipopelekwa Mnemba boti zilijaa hadi tukawa tunaogelea ndani ya moshi wa injini. Usiku wa tatu na sisi tukafungulia spika yetu ili tuwafunike. Mwaka huu likizo yetu ni tarehe 24 Disemba hadi 1 Januari, haisogei. Tumepanga Unguja, Chumbe, Pemba na Mafia, tukiamini tukihamahama tutawakwepa watu. Mume wangu anasema visiwa vyote vimeshaharibika, bora twende zetu Singida kwa mama. Wewe unasemaje? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Dada, salamu zimefika, na shemeji mpe zake. Yeye amekosea kidogo, wewe umekosea zaidi. Visiwa havijaharibika vyote, hilo ndilo kosa lake. Lako ni hilo la kuhamahama.

Hebu tuhesabu pamoja siku moja ya kuvuka. Mnaamka, mnafunga mabegi, mnalipa bili, mnatafuta teksi ya bandarini kwa sababu mmeambiwa mfike mapema kabla ya boti. Foleni ya tiketi, foleni ya kukagua mizigo, wachukuzi wawili wanagombea begi moja. Halafu saa mbili za baharini, televisheni ya ndani imefunguliwa sauti yote na mtoto wa kiti cha nyuma anatapika kwenye mfuko. Mnashuka, mnakutana na papasi wanaotaka kuwapeleka hoteli ambayo hamkuiuliza, teksi tena, na mkifika mnaambiwa chumba bado kinasafishwa. Mkikaa chini mkavua viatu, jua limeshageuka. Visiwa vinne ndani ya siku tisa ni siku tano za namna hiyo, mkibahatika.

Na wale mnaowakimbia wako wapi muda wote huo? Wako mbele yenu na nyuma yenu katika foleni hiyohiyo. Ufuo wa Unguja ni mrefu, watu wakifika huenea. Bandari ni lango moja. Mimi nimebeba wageni kwa boti miaka mingi, na nilichojifunza ni kwamba umati wa huku unakaa njiani: bandarini, kwenye boti zinazong'oa nanga saa tatu asubuhi, kwenye fungu la mchanga saa nne. Anayeruka kisiwa hadi kisiwa ndiye anayekutana nao kila uchao.

Watu kweli ni wengi, sitakuficha. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kigeni zaidi ya 700,000, na sisi wenyeji kwa sensa ya 2022 hatufiki milioni 2. Mlikwenda Agosti, mnarudi Krismasi: mmechagua vilele viwili vya mwaka. Lakini sehemu kubwa ya watu hao wanajazana Mji Mkongwe, Nungwi na Kendwa, Kiwengwa na Paje. Toka hapo kilomita chache tu, mambo yanabadilika.

Kwa hiyo visiwa viwili: Unguja na Pemba. Mafia iondoeni, ingawa roho inaniuma kusema hivyo, maana Disemba ni ndani ya msimu wa papa potwe, wale papa wakubwa wapole, pale Kilindoni. Tatizo ni jiografia. Mafia iko chini kabisa, usawa wa mdomo wa Rufiji, na ni ya Mkoa wa Pwani. Hakuna boti ya ratiba inayotoka Unguja kwenda kule. Lazima mrudi Dar, mpande ndege ndogo au mwende Nyamisati mkachukue kivuko. Ni safari inayojitegemea. Mwakani wekeni siku sita za Mafia peke yake, mlale upande wa Utende, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, mvuke Chole na Juani kwa mashua, na hapo mtanishukuru. Kuikamua siku mbili mwishoni mwa safari ya Pemba ni kuionea.

Chumbe sikukatazi. Kile kisiwa hakiwezi kujaa hata wakitaka, kwa sababu kina nyumba saba tu za kulala, wageni wa kutwa huhesabiwa, na mwamba wake umefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya tisini. Maji ya kuoga ni ya mvua iliyokingwa juu ya paa, taa ni za jua, na mnara wa taa uliojengwa 1904 bado umesimama. Bei yake inauma, na Krismasi huwa wamejaa miezi kabla. Kama kuna nafasi ya kutwa moja, ichukueni. Ikikosekana, msihuzunike.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mawakala wengi hawaliambii watu kwa sababu wao wenyewe hawalijui. Kabla hamjalipa chochote, tazameni mwezi, namaanisha ule wa mbinguni. Wavuvi wetu wanahesabu bahari kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, na nyinyi mnaweza kufanya hivyohivyo kwa kalenda yoyote ya ukutani yenye tarehe mbili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye tunakuwa na bamvu: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4. Siku za bamvu bahari ya Unguja hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Ikifika tarehe 8 hivi na 22 za mwezi wa Kiislamu ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na saa zinageuka: inajaa kama saa nne na kupwa kama saa kumi.

Hilo linawahusu vipi? Chukua pwani ya mashariki, Jambiani kwa mfano. Siku za bamvu mtaamka, mtakunywa chai, mtashuka na taulo zenu saa nne, na bahari haipo. Imerudi mwambani, mbali, na pale mlipotarajia kuogelea kina mama wamechutama wanafunga mwani kwenye kamba. Wageni wengi hukasirika siku hiyo. Wanakodi gari kwenda Nungwi na Kendwa, ambako maji hayakimbii namna hiyo, na ndiyo maana huko kunajaa. Huo ndio mzizi wa mateso yenu ya mwaka jana: kaskazini kunapendwa kwa sababu mtu anaogelea saa yoyote anayotaka bila kumuuliza mwezi.

Mwezi mpevu unakuja pia na jambo la pili. Kendwa wana desturi ya sherehe kubwa ya ufukweni kila mwezi, Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, na watu hutoka kisiwa kizima kwenda kule. Kama hampendi kelele, ukanda wa Nungwi na Kendwa usiku huo uepukeni. Ila mkiwa kusini, Jumamosi hiyo ndiyo ya raha, maana wapenda ngoma wote wa Paje wamepanda gari kwenda kaskazini.

Fungu la mchanga la Nakupenda, lile lililo mbele ya Mji Mkongwe, nalo linaendeshwa na maji hayohayo. Huonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Siku za bamvu linatoka saa nne, saa ileile ambayo boti za watalii zimeshawasili na chakula, miavuli na spika. Nimewahi kuhesabu pale, juu ya mchanga usiozidi uwanja wa mpira, spika tatu zikipiga nyimbo tatu, na baba mmoja amesimama katikati na sinia la kamba-kochi hajui ageukie wapi. Lakini tarehe 11 au 12 za mwezi wa Kiislamu maji hupwa mapema, kama saa mbili asubuhi. Mwambieni nahodha mnataka kuondoka mapema, saa kumi na mbili na nusu. Atalalamika kidogo, atataka nyongeza kidogo. Mpeni. Mtakuwa na kunguru wa Mji Mkongwe tu, na hao nao wakichelewa kuamka hawafiki.

Mnemba ni hesabu hiyohiyo. Kile kisiwa chenyewe ni cha hoteli moja, hamruhusiwi kushuka. Mnachokwenda kutazama ni mwamba unaokizunguka. Boti za Nungwi huondoka saa tatu, za Matemwe na Muyuni hufuata, na kati ya saa nne na saa saba pale ni stendi ya daladala. Mkitaka kwenda tena, laleni Matemwe, kodini boti ndogo ya mvuvi kutoka Muyuni, muwe majini saa moja asubuhi na mtoke saa tatu. Mkiwaona pomboo, mwambieni nahodha azime injini na akae. Pomboo wanaokimbizwa na boti ishirini hupiga mbizi wakaondoka, na kila mtu anarudi na picha ya mkia.

Unguja mlale wapi? Mimi ningewapeleka Jambiani, upande wake wa kusini, au mbele zaidi kuelekea Makunduchi. Disemba kaskazi inaanza kuvuma, na kaskazi ndiyo inayowaleta wa vishada vya baharini Paje, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na upepo. Pale ufuo mzima ni kamba na makelele. Jambiani ni ileile pwani, kilomita chache tu chini, lakini ni kijiji kwanza na hoteli baadaye. Kama shemeji anapenda kutazama jua likizama, Michamvi upande wa Kae unatazama magharibi, jambo ambalo ni adimu kwa pwani ile.

Kuhusu chumba, hapa ndipo watu wanapopigwa. Picha za mtandaoni hazina sauti. Nyumba za makuti ni nzuri kwa macho na zina ubaridi wake, lakini nyingi ukuta wa katikati haufiki juu. Unaishia pale boriti zinapoanzia, na kutoka hapo hadi kwenye kilele cha paa ni hewa tupu ambayo mnagawana na jirani. Nimelala katika chumba ambacho nilisikia zipu ya begi la jirani, kisha nikasikia akimuuliza mkewe dawa ya mbu iko wapi, nikabaki kidogo tu nimjibu, kwa sababu mimi niliiona mezani mapokezi. Kwa hiyo ulizeni: kuta zinafika juu? Jenereta liko upande gani? Umeme ukikatika Disemba na kila chumba kina kiyoyozi, hilo jenereta litanguruma kama lori la Kibaigwa. Baa ya karibu iko wapi, na muziki unazimwa saa ngapi? Msikubali jibu la "si usiku sana". Itajwe saa.

Ulizeni vilevile kama kuna kundi limeshika vyumba vingi tarehe zenu. Arusi, ofisi fulani ya Dar inayofunga mwaka, jamaa kumi na wanne wa kusherehekea birthday. Na tusisingizie Wazungu tu, dada yangu. Mwaka jana mliochoka nao waliimba kwa lugha gani? Hukuandika, lakini mimi nimeshawasikia hata wa kwetu.

Halafu kuna kipimo changu ambacho hakijawahi kunidanganya. Pigeni simu mapokezi Jumamosi saa nne usiku, si kwa ujumbe, kwa sauti. Ulizeni swali lolote, hata kama wana maegesho. Mnachosikiliza ni kilicho nyuma ya anayepokea. Kama analazimika kupaza sauti ili mmsikie, kateni simu mtafute kwingine.

Na jirani akishakuwa jirani? Spika juu ya spika mmeshajaribu, mmeona. Njia iliyonifaa ni kumwahi mchana. Asubuhi kwenye chai, salimieni, ulizeni wametoka wapi, waambieni kwa utaratibu kwamba dari ni moja na jana mlisikia hadi kikohozi. Watu wengi hawajui kwamba wanasikika. Wakijua wanaona haya. Asiyeona haya, mwambieni msimamizi kabla ya saa sita mchana, wakati bado ana vyumba vya kuhamishia. Saa tisa usiku mlinzi hana ufunguo wala mamlaka, atakwenda kusema "jamani, jamani" na kurudi.

Ila adhana ya alfajiri, jogoo, na injini za wavuvi wanaotoka saa kumi na moja, hizo si za kumpelekea msimamizi. Wako kwao. Najua nyinyi hamwezi kufanya hivyo, nimeandika kwa ajili ya wengine watakaosoma.

Sasa Pemba. Pemba haikujengwa kwa ajili ya mgeni, na ndiyo raha yake. Hoteli zinahesabika, baa ni za kutafuta kwa tochi, na jioni Chake Chake watu wako barazani au msikitini. Nchi yenyewe ni vilima na mabonde, tofauti na Unguja iliyo tambarare, na barabara zinapita ndani ya mikarafuu. Msimu ukiwa umechanganya mtaona majamvi ya karafuu yameanikwa pembeni, harufu inaingia hadi ndani ya gari. Mtu akiwauzia kilo mbili za karafuu kwa siri, kataeni. Biashara ile ni ya shirika la serikali, na mkikutwa nayo bandarini mtaitwa wa magendo.

Kwa Disemba, kaeni upande wa magharibi. Kaskazi inapiga kaskazini na mashariki, kwa hiyo Vumawimbi, ufuo mzuri kuliko wote kwa maoni yangu, unaweza kuwa na mawimbi kama jina lake. Nendeni kwa matembezi tu, mkipitia msitu wa Ngezi, ambako popo wakubwa wa Pemba hulala wakining'inia mchana. Kuogelea, vukeni hadi Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale, akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe ndio msala, kwani kimeelekea kibla. Mwamba wake ni mzima, maji ni safi mno, na ukiondoa wavuvi na walinzi mnaweza kukaa nusu siku msione boti nyingine ya wageni. Dada, vaa kanga juu ya nguo za kuogelea unapopita kijijini, na shemeji avae fulana. Hakuna atakayewakemea msipofanya hivyo, watatazama chini tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kuvuka ndiko kwenye kazi. Boti za Unguja na Pemba haziendi kila siku, na wiki ya mwaka mpya Wapemba wa Dar na Unguja wanarudi kwao, hivyo tiketi huisha. Kwa hiyo anzeni na tiketi ya Pemba, hoteli zifuate. Mkipita usawa wa Nungwi kuna mkondo, boti inacheza. Kaeni chini, katikati, msile mandazi ya mafuta kabla. Mkiambiwa kuna chombo cha mizigo kinachovuka usiku kwa bei poa, kataeni katakata. Hatujasahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku kwenye bahari hiyohiyo ikiwa imepakia kupita kiasi.

Ningepanga hivi. Tarehe 24 mtoke Dar na boti ya asubuhi, mlale Mji Mkongwe usiku mmoja. Kuna watu, lakini kuta za mawe zile ni nene, na urojo haupatikani Dodoma. Tarehe 25 hadi 28 Jambiani, na hapo mfungue kalenda ya mwezi mjue mtaogelea saa ngapi. Tarehe 28 mvuke Pemba, au siku yoyote ya karibu ambayo boti ipo. Usiku wa tarehe 31 muwe Pemba bila kukosa, kwa sababu Nungwi na Paje usiku huo fataki hazilali. Kurudi mosi Januari msitegemee boti. Pandeni ndege ndogo kutoka Chake hadi Dar. Ni ghali kuliko tiketi ya boti, lakini kama kuna mahali pa kutumia ile pesa mliyokuwa muipeleke Mafia, ni hapo.

Chukueni miwani zenu za kuogelea, za kukodi huvuja. Viatu vya mpira kwa ajili ya miba ya baharini, na tangawizi kavu kwa ajili ya mkondo wa Nungwi. Ile spika muache kwa mama Singida.